Baada ya uzamifu: Jinsi msomi wa Garissa anavyoweza kupata nafasi ya utafiti wa data

MWISHONI mwa mwaka wa 2006 mvua ilinyesha Garissa kwa wingi usio wa kawaida. Nyanda kavu ziligeuka madimbwi, mbu wakazagaa, na muda si muda mbuzi na kondoo wakaanza kuharibu mimba na kutokwa na damu puani. Binadamu nao wakafuata. Kufikia Machi 2007 homa ya Bonde la Ufa ilikuwa imewaua watu zaidi ya 150 nchini Kenya, na Garissa, kulikogunduliwa wagonjwa wa kwanza, ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi.

Msiba huo ulikuwa umebisha hodi mapema. Nchini Marekani, kundi la wanasayansi wa shirika la anga la NASA, likiongozwa na Assaf Anyamba, mzaliwa wa Kenya, lilikuwa likifuatilia joto la bahari, mvua na ukijani wa mimea kwa kutumia setilaiti. Ramani zao ziliashiria hatari katika ukanda huu kati ya wiki mbili na sita kabla ya ugonjwa kutambuliwa rasmi. Huku malishoni, wafugaji wa Kisomali, wanaouita ugonjwa huo sandik kwa sababu ya damu itokayo puani, nao walikuwa wameziona dalili: mvua isiyokatika, mbu kupita kiasi na mifugo kudhoofika. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulibainisha kwamba makadirio ya wafugaji hao yalikuwa sahihi. Hata hivyo, kampeni ya kuchanja mifugo ilipoanza, watu walikuwa tayari wakizikwa.

Setilaiti iliona, na mfugaji aliona. Kilichokosekana ni mtaalamu wa kuunganisha taarifa hizo mbili upesi, na kwa lugha inayoeleweka na pande zote.

Mtaalamu wa namna hiyo huandaliwa, kwa kiasi kikubwa, katika hatua ya usomi ambayo bado haijafahamika vyema Kaskazini Mashariki. Hatua hiyo ni nafasi ya utafiti baada ya shahada ya uzamifu, hasa katika sayansi inayotegemea data. Nafasi hizo zipo, nyingine hapa Kenya na nyingine ng'ambo. Ugumu ni kujua zinakopatikana na namna ya kuziomba.

Hatua inayorukwa

Nafasi ya utafiti baada ya uzamifu si shahada nyingine, wala si kazi ya kufundisha. Ni ajira au ufadhili wa muda, aghalabu mwaka mmoja hadi mitatu, ambapo mtu aliyekwisha kutunukiwa uzamifu hufanya utafiti katika chuo kikuu au taasisi chini ya mwanasayansi aliyebobea. Hulipwa mshahara au posho, huchapisha makala katika majarida ya kitaaluma, hujifunza kuandika maombi ya ruzuku na husaidia kusimamia wanafunzi. Anatarajiwa kutoka hapo akiwa mtafiti anayeweza kusimama kwa miguu yake mwenyewe.

Katika vyuo vingi vya Kenya hatua hiyo hurukwa. Anayepata uzamifu mara nyingi huwa tayari ni mhadhiri, naye hurejea moja kwa moja katika madarasa yaliyofurika na mitihani isiyokwisha kusahihishwa. Utafiti alioufanyia tasnifu yake hufifia polepole, na miaka mitano baadaye hubaki kitabu rafuni.

Kwa Chuo Kikuu cha Garissa suala hili lina uzito wa pekee. Taasisi hiyo ilianza mwaka wa 2011 ikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi. Aprili 2, 2015, magaidi waliivamia na kuwaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Ilifunguliwa tena Januari 2016, na mwaka wa 2017 ikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Ukuta na mabweni huweza kujengwa kwa bajeti ya serikali. Jina la chuo katika utafiti huhitaji watu waliokwisha kufanya utafiti, na watu hao hawapatikani kwa zabuni.

Data za kwao, maswali ya wengine

Sayansi inayotegemea data ni ule utafiti unaoanzia katika mkusanyiko mkubwa wa taarifa, kama vile picha za setilaiti, rekodi za hospitali, sensa au bei za mifugo sokoni. Mtafiti hutumia takwimu na kompyuta, na siku hizi akili unde, kutafuta mwelekeo ambao jicho la mtu mmoja haliwezi kuuona. Elimu hii haimilikiwi na wataalamu wa kompyuta peke yao. Mwanajiografia, daktari wa mifugo, mtaalamu wa lishe, mwanauchumi na mwanabiolojia wote wana nafasi, mradi wajifunze kuzisoma na kuzichambua taarifa hizo.

Kaskazini Mashariki ni tajiri wa taarifa za aina hii, lakini maswali yanayoulizwa juu yake hutungwa mara nyingi na watu walio mbali. Mifano mitatu yatosha kuonyesha tofauti anayoweza kuleta mtu wa eneo lenyewe.

Wa kwanza ni wa swala aitwaye hirola, ambaye makao yake makuu ni Garissa na ambaye idadi yake imeshuka hadi chini ya 500. Mwanasayansi Abdullahi Hussein Ali, mzaliwa wa Garissa aliyepata uzamifu wake katika Chuo Kikuu cha Wyoming, Marekani, alilinganisha pamoja na wenzake picha za setilaiti za kati ya 1985 na 2012. Waligundua kwamba miti katika makao ya asili ya mnyama huyo ilikuwa imeongezeka kwa asilimia 251. Kwa kufuata mienendo ya hirola waliovishwa mikufu ya GPS, walionyesha kuwa mnyama huyo anayekula nyasi huyaepuka maeneo yenye miti. Makala yao ilichapishwa mwaka wa 2017. Picha kama hizo zilikuwa wazi kwa mtafiti yeyote duniani, lakini ilihitajika mtu aliyeijali hirola kuziuliza swali hilo.

Wa pili ni wa bima ya mifugo. Mnamo 2010 taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, pamoja na washirika wake ilianzisha Marsabit bima inayotegemea setilaiti, na mwaka wa 2013 bima hiyo ikafika Wajir kwa mfumo unaofuata sharia ya Kiislamu. Setilaiti hupima ukijani wa malisho, na ukishuka chini ya kiwango fulani mfugaji hulipwa bila mtu kwenda kuhesabu mizoga. Ni ubunifu mkubwa, lakini ukijani una siri zake. Mti wa mathenge, ulioenea katika nyika za Garissa, hubaki kijani wakati nyasi zimekauka. Chombo kilicho angani hakitofautishi kwa urahisi kichaka kisicholiwa na ng'ombe na malisho halisi. Mfugaji wa kawaida hulijua jambo hilo. Kuliingiza katika hesabu za bima ni kazi ya mtafiti.

Wa tatu ni wa sensa. Agosti 2010 waziri wa mipango wa wakati huo, Wycliffe Oparanya, alifutilia mbali matokeo ya sensa ya 2009 katika wilaya nane, zikiwemo Lagdera, Wajir Mashariki na tatu za Mandera, kwa hoja kwamba ongezeko lililoripotiwa halikuweza kuelezwa na vizazi na vifo. Matokeo ya 2019 nayo yalipingwa mahakamani, safari hii kwa malalamiko kwamba watu wamehesabiwa wachache mno. Katika visa vyote viwili fedha za umma na uwakilishi bungeni vilikuwa hatarini. Hivi leo kuna watafiti wanaokadiria idadi ya watu kwa kuunganisha sampuli za nyanjani na picha za makazi kutoka angani. Kundi la WorldPop katika Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, ni mojawapo ya yanayojulikana zaidi. Jamii inayohamahama ndiyo iliyo ngumu zaidi kukadiria kwa njia hiyo.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Msomi aliyekulia Iftin, Bura au Habaswein huanza utafiti akiwa na maarifa ambayo mgeni angehitaji miaka kuyapata. Katika ombi la nafasi, maarifa hayo ni mtaji.

Nafasi zinakopatikana

Mahali pa kwanza pa kutazama ni hapa nyumbani. Nairobi ni makao ya ILRI na ya taasisi ya utafiti wa wadudu, icipe, iliyoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka wa 1970. Zipo pia APHRC, inayochunguza idadi ya watu na afya barani Afrika, na RCMRD iliyoko Kasarani, inayoshughulikia ramani na setilaiti tangu 1975. ICPAC, kituo cha hali ya hewa cha shirika la IGAD, hutoa utabiri wa misimu ya mvua kwa Pembe ya Afrika. Kilifi kuna mpango wa KEMRI na Wellcome ulioanza 1989. Chuo Kikuu cha Aga Khan kilishirikiana na Chuo Kikuu cha Michigan kuanzisha mwaka wa 2021 mradi wa data za afya uitwao UZIMA-DS.

Kwa anayehitaji kwanza kunoa ujuzi, Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri, kilikuwa mwenyeji wa mkutano wa kwanza wa Data Science Africa mwaka wa 2015. Mikutano iliyofuata ilifanyika Kampala na Arusha. Chuo Kikuu cha Makerere nacho kimejijengea jina katika akili unde, kuanzia utambuzi wa magonjwa ya muhogo hadi upimaji wa uchafu wa hewa mijini.

Ng'ambo kuna njia mbili, na ni muhimu kuzitofautisha. Ya kwanza ni nafasi iliyofungwa katika mradi. Profesa tayari ana ruzuku na swali, naye humtafuta mtu wa kulitekeleza. Ya pili ni ufadhili unaomfuata mtafiti. Hapa msomi huandika swali lake mwenyewe, humtafuta profesa mwenyeji, kisha wawili hao huomba fedha pamoja. Mfano mkubwa wa njia ya pili ni ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya, ulio wazi kwa raia wa nchi yoyote. Kituo cha ICTP kilichoko Trieste, Italia, kilichoanzishwa na Abdus Salam mwaka wa 1964 kwa ajili ya wanasayansi wa nchi zinazoendelea, nacho hupokea watafiti wa hesabu, fizikia na sayansi za hali ya hewa. Vyuo vya Afrika Kusini pia hutoa nafasi nyingi.

Mtafutaji hana budi kukumbuka kwamba nafasi ileile hutangazwa kwa majina tofauti. Chuo kimoja kitaiita ya mtafiti mshiriki, kingine ya mwanasayansi wa data, na kingine ya mtaalamu wa takwimu. Anayetafuta jina moja tu atapitwa na nyingi. Ni bora kusoma maelezo ya kazi na sifa zinazotakiwa kuliko kutegemea anwani ya tangazo.

Aidha, si kila nafasi hufika katika tangazo ikiwa bado haina mtu machoni pa profesa. Mara nyingi mwenye mradi huanza kuulizia watu pale tu ruzuku inapoidhinishwa. Njia ya kuwahi ni kusoma makala za karibuni kuhusu ukame, magonjwa ya mifugo au lishe katika Pembe ya Afrika, na kuandika majina ya waandishi. Mwishoni mwa kila makala hutajwa mfadhili aliyeigharimia. Kwa jioni chache za kusoma hivyo, msomi hujua ni nani anayefanya nini, kwa fedha za nani.

Barua inayosomwa

Hatua inayofuata ni baruapepe kwa profesa anayehusika, na hapa ndipo wengi huanguka. Barua ndefu yenye sifa za jumla, iliyotumwa kwa maprofesa 50 kwa pamoja, haijibiwi. Barua yenye nafasi ya kusomwa haizidi ukurasa mmoja. Hutaja makala fulani ya profesa huyo na jambo ambalo makala hiyo haikulijibu, hueleza mwandishi amefanya nini katika uzamifu wake, na hupendekeza kazi anayoweza kuifanya kwa data zilizopo. Msomi wa Garissa anayemwandikia mtaalamu wa bima ya mifugo kuhusu mathenge atakumbukwa hata kama nafasi haipo kwa wakati huo.

Pamoja na barua huhitajika wasifu, orodha ya machapisho na majina ya wadhamini wawili au watatu. Wadhamini waombwe mapema, nao wapewe tangazo lenyewe ili waandike kulihusu. Walau sura moja ya tasnifu inafaa kuwa imechapishwa au kukubaliwa katika jarida kabla ya maombi kuanza. Katika fani ya data huongezeka kitu kimoja zaidi: ushahidi wa kazi ya kompyuta. Mwajiri hupenda kuona uchambuzi alioufanya mwombaji, pamoja na maagizo ya kompyuta aliyoyaandika, ukiwa umewekwa wazi mtandaoni ili wengine waukague.

Jambo la kutia moyo ni kwamba ushahidi huo waweza kutayarishwa hapa Garissa kabla ya kupata nafasi yoyote. Lugha za kompyuta za R na Python hupatikana bila malipo. Picha za setilaiti za Landsat, ambazo historia yake inarudi hadi 1972, zilifunguliwa kwa umma bila malipo mwaka wa 2008. Takwimu za mvua za CHIRPS huanzia 1981. Mamlaka ya kukabiliana na ukame, NDMA, huchapisha kila mwezi taarifa za kaunti zenye bei za mbuzi, umbali wa maji na hali ya lishe ya watoto. Mtu mwenye kompyuta ya kawaida na intaneti ya maktaba aweza kulinganisha mvua na bei ya mbuzi katika soko la Garissa kwa miaka kumi. Uchambuzi mmoja wa aina hiyo, uliofanywa kwa uangalifu, huwa na uzito kuliko vyeti vingi vya kozi fupi.

Saa nayo hukimbia. Wafadhili wengi huhesabu miaka tangu uzamifu ulipotolewa. Ule wa Marie Skłodowska-Curie umekuwa ukiweka kikomo cha miaka minane. Anayesubiri hadi mambo ya nyumbani yatulie aweza kukuta mlango umefungwa. Wapo wafadhili ambao hawauhesabu muda wa uzazi na malezi, na ambao huongeza posho kwa mwenye familia. Mama msomi asiyaache masharti hayo bila kuyasoma kwa kudhani kwamba nafasi hizo si zake.

Tahadhari

Panapo uhitaji hapakosi matapeli. Chuo au taasisi halali haimtozi mwombaji ada ili imwajiri. Barua ya ajira iliyotoka katika anwani isiyo ya taasisi, au inayodai fedha za kushughulikia viza kabla ya mahojiano, ipuuzwe. Njia rahisi ya kuhakikisha ni kumtafuta profesa anayetajwa katika tovuti rasmi ya chuo chake na kumwandikia moja kwa moja.

Mkataba usomwe neno kwa neno. Ni wa muda gani, na waweza kurefushwa? Bima ya matibabu inahusisha familia? Gharama za safari na viza ni za nani? La muhimu kuliko yote kwa anayekwenda na data za kwao, ni nani atakayemiliki matokeo, na jina la nani litatangulia katika makala? Msomi aliyegeuzwa mkusanyaji wa data za wengine hana budi kulijua hilo kabla ya kutia sahihi.

Sheria za nchi nazo zazingatiwe. Utafiti nchini Kenya huhitaji leseni ya NACOSTI na idhini ya kamati ya maadili, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 huwalinda watu ambao taarifa zao hutumika. Rekodi za wagonjwa wa Garissa au wakimbizi wa Dadaab si mali ya kubebwa katika kompyuta na kuvushwa mpaka bila ruhusa.

Kuna pia hatari ya mfadhili kubadili nia. Mapema mwaka wa 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya kigeni, mtandao wa kutahadharisha kuhusu njaa wa FEWS NET, ambao taarifa zake hutumika sana katika Pembe ya Afrika, ulizimwa kwa miezi kadhaa. Watafiti waliotegemea mfuko mmoja walijikuta njiani. Mwenye busara huomba kwingi, na huuliza mapema fedha za mradi zinatoka wapi na zinaisha lini.

Njia ya kurudi

Wapo wanaohofia kwamba kuwahimiza wasomi kuziomba nafasi hizi ni kuwafungulia mlango wa kutorejea. Hofu hiyo ina msingi, lakini dawa yake iko mikononi mwa pande mbili. Msomi aweza kuandika katika ombi lake, tangu mwanzo, kwamba sehemu ya utafiti itafanyika Garissa na kwamba mwanafunzi mmoja au wawili wa huko watafunzwa. Wafadhili wengi hulipenda jambo hilo. Chuo nacho chaweza kumpa mhadhiri wake likizo ya utafiti bila kumfutia kazi, kisha kumpunguzia vipindi anaporejea ili ruzuku atakayokuja nayo ipate mtu wa kuitumia. Bila hilo la pili, anayerudi hukuta rundo lilelile la karatasi za mitihani, na mwaka haupiti kabla hajaanza kutafuta njia nyingine ya kuondoka.

Mvua kubwa zitarudi, kama zilivyorudi kati ya Oktoba na Desemba 2023, zilipoyafurika makazi ya Garissa baada ya misimu mitano mfululizo ya ukame. Ramani za hatari zitachorwa tena kutoka angani, na wafugaji wataziona tena dalili ardhini. Endapo wakati huo patakuwa na mtafiti Garissa anayezisoma ramani na kuwaelewa wafugaji, chanjo inaweza kufika kabla ya mazishi.